Dole Gumba la Kipa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la hisabati la binti yangu. Alimaliza mwaka akaacha zaidi ya nusu ya kurasa hazijaguswa, nami sipendi kutupa karatasi nzuri. Nimechana zile za mwanzo zenye alama nyekundu, na kuanzia leo nitaandika humu mambo ya chumba changu.

Chumba chenyewe ni chumba cha vidonda, mlango wa tatu kushoto ukiingia zahanati. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa msaidizi wa Sista Mkuu. Ijumaa alistaafu, akanikabidhi ufunguo, akaniambia nisikubali mtu anichafulie sakafu. Basi. Miaka yote ile, na huo ndio wosia. Leo nimepiga deki mara mbili kabla mgonjwa wa kwanza hajafika.

Mvua zimeanza, na muhula wa shule nao umeanza. Baba watoto yuko kwenye kazi ya kupima barabara, hatarudi mpaka mvua ziishe. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye siku hizi hunijibu kwa kuinua mabega.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Majipu mawili, na mzee aliyekanyaga chupa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Vidole vimefika, mapema kuliko mwaka jana.

Ni hivi kila msimu. Shule ya sekondari inataka viatu vyeusi vya kufunika. Vinalowa asubuhi njiani, mtoto anashinda navyo vimelowa mpaka saa tisa. Miguu yenyewe umri huo inatoka jasho na inakua kuliko mzazi anavyotaka kuamini, kwa hiyo kiatu cha mwaka jana kinabana. Ukucha wa dole gumba unaanza kuuma pembeni. Mtoto anachukua wembe, anaukata kwa kuuzungusha mpaka ndani kabisa kwenye kona. Anapata nafuu siku tatu. Ila ameacha kipande kidogo kama mwiba, na ukucha unapokua, mwiba ule unaingia kwenye nyama. Nyama inavimba, inatunga usaha. Na hapo bado hajamwambia mtu. Kijana wa miaka kumi na tano hakuambii kinachomuuma mpaka kimnukie mwenzake wa dawati moja.

Leo nimewaona watatu. Mmoja, mvulana mwenye ndevu nne alizozihesabu mwenyewe, aliniambia hasikii maumivu hata kidogo, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Leo amekuja msichana mrefu kuliko mlango wa kabati langu, mikono mikubwa, sauti ndogo. Anasoma darasa moja na binti yangu. Ndiye mlinda mlango wa timu ya wasichana ya mpira wa miguu, na shule nzima inamwita Kipa. Nadhani hata walimu wamesahau jina lake.

Alinipa shikamoo, akakaa, akavua kiatu kwa uangalifu kama mtu anayemenya yai. Dole gumba la mguu wa kulia. Ukucha umezama pande zote mbili, nyama imefura na kuufunika nusu. Huyu hatapona kwa maji ya chumvi peke yake. Nikamwambia inabidi tukate kingo za ukucha na kuchoma mzizi wake kwa dawa, zisiote tena. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu, kama atakuwa amepona ifikapo tarehe kumi na mbili Aprili, kwa sababu siku hiyo ni nusu fainali ya shule.

Nikamwambia akifuata masharti, atapona.

Mama yake alifariki akiwa mdogo. Baba yake ni seremala, karakana yake iko nyuma ya kituo cha mafuta. Nilimpa karatasi ya ruhusa ya mzazi aipeleke ikatiwe sahihi. Alipokuwa akisubiri niiandike, alikunywa vikombe vitatu vya maji kutoka kwenye jagi langu bila kuomba. Watoto wa siku hizi.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Daktari wetu huja Jumanne na Ijumaa tu, na leo alisimama pembeni akanitazama nikifanya. Ni mara ya kwanza nafanya nikiwa mkubwa wa chumba. Mikono ilikuwa imetulia.

Karatasi ya ruhusa ilirudi na sahihi, imejaa vumbi la mbao. Nilichoma sindano mbili za ganzi kwenye shina la dole. Hapo ndipo wengi hulia, na Kipa naye alikamata kingo za kitanda mpaka vifundo vikabadilika rangi. Nikafunga mpira wa kuzuia damu. Nikapitisha mkasi mwembamba chini ya ukucha, upande wa kwanza, upande wa pili, nikavuta kwa koleo. Vipande viwili vyembamba, mizizi mizima. Nikapaka dawa ya kuunguza mzizi, nikahesabu dakika, nikasafisha, nikafunga. Daktari alisema neno moja, safi, akaenda kunywa chai. Nilikaa na neno hilo mchana kutwa.

Masharti nilimwandikia Kipa kwa herufi kubwa. Asubuhi na jioni maji ya vuguvugu na chumvi, akaushe, afunge upya. Viatu vya wazi. Mpira marufuku mpaka nimruhusu mimi.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Jumatano ni siku ya wazee wa sukari. Wanajaa koridoni tangu alfajiri, wananyoosha vidole vyao kupimwa, wanasimuliana namba zao kama wakulima wanaosimuliana mavuno. Mpokezi wetu, tunayemwita Mzee wa Mafaili, huwatania kwamba yeyote atakayeshusha namba atapewa keki.

Kipa alikuja kuosha kidonda katikati ya fujo hiyo. Nilipomwita hakuwepo. Yuko chooni. Nikahudumia mwingine, nikamwita tena, hakuwepo tena. Aliporudi nilimwambia kwamba chumba hiki si stendi, watu hawaingii na kutoka wanavyotaka. Akaomba radhi.

Dole linatoa majimaji. Baada ya siku tano hilo ni la kawaida.

Ijumaa, tarehe 22 Machi

Vidole vinne. Mvua haikukata siku nzima. Binti yangu amekula chumbani kwake.

Jumatano, tarehe 27 Machi

Yule wa ndevu nne amepona kabisa, nilimkata wiki ile ile niliyomkata Kipa. Dole lake limekauka kama kokwa. La Kipa bado bichi. Nimemuuliza kama anaosha. Anaosha. Asubuhi na jioni? Asubuhi na jioni. Anajibu akitazama sakafu. Naifahamu sana hiyo ya kutazama sakafu, ninaishi nayo nyumba moja.

Jana Daktari alisema wengine huchukua wiki nne, nisiwe na haraka. Lakini mimi situlii. Nimepanga makoleo upya, nikayapangua, nikayapanga tena.

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Usaha. Wekundu umepanda mpaka kwenye unyayo. Na kwenye ukingo wa kandambili zake, tope, tope la uwanjani, lile la rangi ya kutu ambalo halipatikani kwingine.

Nikamuuliza anacheza? Akasema hachezi. Nikamwonyesha tope. Akasema amepita tu uwanjani. Nikamuuliza mgonjwa wa mguu anapita uwanjani kwenda wapi, akainamisha kichwa.

Nilichemka. Kazi yangu ya kwanza ya ukubwa, mikono yangu mwenyewe, Daktari kasema safi, halafu mtoto aichezee mpira. Daktari alimwandikia vidonge vya kuua vijidudu, mimi nikaandika barua kwa mwalimu wa michezo. Niliandika kwamba mwanafunzi huyu ni mkaidi, hafuati maelekezo, anahatarisha mguu wake kwa makusudi, na kwamba naomba aondolewe kwenye timu. Nilipiga na muhuri wa zahanati.

Nikamwambia pia Kipa kwamba sitamwosha tena mpaka baba yake aje nimwone kwa macho. Huyo seremala hajakanyaga hapa hata mara moja.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Baba hakuja. Nimemwosha, ningefanyaje.

Mwalimu wa michezo alituma salamu kwamba ameshamwondoa. Kipa hakulia wala hakubisha. Alikaa amelegea, midomo imekauka, mkanda wa sketi ameuongeza tundu kwa msumari. Amenuna, nikajisemea, amesusa mpaka chakula. Nikamwambia kususa hakuponyi dole.

Jumapili, tarehe 7 Aprili

Binti yangu alitoka chumbani akasimama mlangoni mwa jikoni, akasema Kipa hajacheza hata siku moja tangu nimkate. Nikamwambia asimtetee rafiki yake. Akarudi alikotoka.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Vidole vitatu. Kipa hakuja.

Ijumaa, tarehe 12 Aprili

Timu ya wasichana imefungwa nne bila. Hakuna aliyeniambia. Nimesikia wasichana wakisimuliana wakipita barabarani kwenye mvua, hawaimbi. Kipa hakuja leo pia. Seremala hakuja. Nimemwambia Mzee wa Mafaili aliweke faili la Kipa chini kabisa, na yeye akaliweka juu kabisa, akasema macho yake hayaoni vizuri.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Nitaandika ya jana yote, maana leo sikuweza kukaa zaidi ya dakika tano mahali pamoja.

Jana jioni nilikuwa napika. Binti yangu alikuja mwenyewe, akachukua kisu, akaanza kumenya vitunguu, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka jana. Akamenya viwili. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Mama, mtu akienda haja ndogo kila kipindi, anaumwa nini?"

Nikauliza ni nani. Akasema Kipa. Kwamba ameanza kama mwezi na zaidi, kila baada ya nusu saa anaomba ruhusa, mpaka darasa zima likampa jina jipya, Bomba. Anakuja na chupa mbili kubwa za maji, zinaisha kabla ya mapumziko. Walimu wamechoka kumruhusu. Vyoo vya wasichana viko ng'ambo ya uwanja, kwa hiyo kila akienda anakanyaga tope kwenda na kurudi, na lile dole lake wazi. Amekonda mpaka sketi inamzunguka. Analala juu ya dawati. Ijumaa alitapika, na Jumatatu hakuonekana shuleni.

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilianza kuyasikia yale maneno moja moja kwa sauti ya Jumatano, sauti ya koridoni. Kiu. Chooni. Kukonda. Kidonda kisichopona. Mzee yeyote kwenye lile benchi angeniambia ni nini, hata aliyesinzia. Na mimi nilikuwa na mashine ya kupimia rafu moja juu ya pamba yangu, sikuwahi hata kufikiria kuinyoosha kwa mtoto.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuja kukuambia," akasema. "Uliniambia nisimtetee."

Nilizima jiko. Ufunguo wa chumba ninao, tukakimbia mpaka zahanati, nikachukua mashine na vijiti vyake, tukakimbia mpaka nyuma ya kituo cha mafuta. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo. Binti yangu ndiye aliyekuwa anajua mlango.

Chumba chao kimeungana na karakana. Seremala alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mtu mfupi mwenye mabega mapana, anamnywesha mwanawe chai kwa kijiko. Aliniambia anahofia malaria, mtoto hali kitu siku ya tatu, kwa hiyo anamwekea sukari nyingi kwenye chai apate nguvu, na soda kila anapoomba. Alisema hivyo kwa fahari kidogo, ya mtu anayejitahidi. Nilimshika mkono, nikakiondoa kijiko taratibu.

Kipa alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa kina, kama aliyetoka kukimbia, naye amelala. Pumzi yake ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikamchoma kidole. Mashine haikutoa namba. Ilitoa zile alama zake mbili inazotoa namba ikishapita uwezo wake wa kuhesabu. Nikafuta, nikapima kidole kingine. Vilevile.

Nikamwambia baba yake: "Hii ni sukari. Tunaenda hospitali kubwa sasa hivi, hatungoji gari la wagonjwa."

Hakuuliza swali. Alimwinua mwanawe mrefu kuliko yeye, akamweka kwenye pikapu yake ya kubebea mbao, mbele, katikati yetu. Binti yangu akapanda nyuma chini ya turubai na mbao. Njia nzima nilikuwa namwita Kipa, na kila mara alichelewa zaidi kuitika. Tulipofika sikusubiri foleni, nilipaza sauti kwenye mapokezi kama mwendawazimu, nikataja namna anavyopumua na harufu, wakatukimbilia na kitanda cha magurudumu.

Wamemtundikia dripu na insulini. Daktari wa zamu aliniambia asubuhi hii kwamba tungengoja kuche, angekuwa anazungumza nasi habari nyingine. Bado hajazinduka vizuri.

Jumatano, tarehe 17 Aprili

Amefumbua macho, ameomba maji.

Wazee wa sukari walijaa koridoni kama kawaida. Sikuweza kupita mbele yao. Nilizunguka nje kwa mlango wa nyuma, kwenye mvua.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Daktari wa hospitali alikuwa amemuuliza seremala kidonda cha mtoto kimetunzwa vipi, naye akaona ni vigumu kueleza. Akarudi nyumbani, akaja na kipande cha mbao, ubao mwembamba wa urefu wa mkono, akauweka juu ya meza ya wodi. Nilikuwepo.

Umeandikwa kwa kalamu ya seremala, ile bapa. Amepiga mistari kama anavyoipiga anapopima kabati. Safu ya asubuhi, safu ya jioni, kuanzia jioni ya tarehe kumi na tano Machi. Kila alipomwosha mwanawe mguu ameweka alama. Hakuna nafasi tupu. Pembeni ameandika vitu vidogo. Maji yalikuwa moto mno, punguza. Chumvi imekwisha, nimeazima. Na mara mbili, siku za Jumamosi: nimekwenda zahanati, pamefungwa.

Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo karakana humpa nafasi. Alikuja mara mbili kuniona, akakuta kufuli. Mimi nilikuwa nikiandika humu kwamba hajakanyaga.

Nilimwambia yote pale pale, kwamba mimi ndiye nilimwita mwanawe mkaidi, na dalili zilipita mbele yangu wiki nne. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa ule ubao.

"Mimi sina kinyongo na wewe, Sista," akasema. "Ulikuja na mvua ile. Lakini yeye hataki umguse. Ameshaniambia."

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Nimemweleza Daktari wetu. Akasema hata yeye alimwona mara tatu na hakuuliza, akaniambia nisijichome sana. Nilitaka faraja hiyo initoshe. Haikutosha. Nimeosha sakafu, nikaiosha tena. Vidole viwili, nimewapima sukari wote wawili. Wamenishangaa. Wako sawa.

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Nilimtembelea Kipa na machungwa, nikakumbuka sukari yake nikiwa mlangoni, nikampa mlinzi. Alipoona ni mimi akageukia ukutani.

Alhamisi, tarehe 25 Aprili

Binti yangu anaenda wodini kila akitoka shule. Jioni ananisimulia akiwa amesimama, mkoba bado begani. Leo kasema Kipa amejidunga mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwenye paja, akasema atahesabu mpaka tatu, akadunga kwenye mbili. Sikusema kitu, niliogopa nikisema ataondoka. Akakaa.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Kipa ametoka hospitali. Mvua.

Ijumaa, tarehe 3 Mei

Alikuja na baba yake. Amenenepa kidogo usoni. Aliomba aoshwe na muuguzi wa chumba cha chanjo, nami nikampisha, nikasimama koridoni kama ndugu wa mgonjwa. Mzee wa Mafaili aliniletea stuli.

Muuguzi yule alipotoka aliniambia dole limeanza kukauka, sukari imeshuka na nyama imekubali kufunga. Kisha Kipa mwenyewe akaja mpaka nilipo. Baba yake alibaki nyuma.

"Sista, ile barua yako mwalimu aliisoma mbele ya timu nzima," akasema. "Kwamba mimi ni mkaidi. Tulipofungwa nne, wote walijua ni kosa langu."

Nikamwambia nitaandika nyingine leo hii.

"Barua hapana. Njoo mwenyewe."

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Mazoezi yao ni saa kumi. Nilikuwa na vidole vitatu. Sikwenda.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mvua. Sikwenda.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Hapakuwa na mvua. Nilifika mpaka ukuta wa shule, nikasikia firimbi, nikarudi. Nimefanya upasuaji mdogo zaidi ya mia kwa mikono hii, na leo nimeshindwa kuvuka geti. Nikijiuliza naogopa nini, si wasichana. Naogopa yule mwalimu wa michezo, mtu wa kucheka ovyo, aseme kumbe hata nyie wa muhuri mnakosea. Miaka kumi na moja nimengoja kuitwa mkubwa wa chumba, na nimekuwa mkubwa kwa wiki tisa.

Binti yangu aliniuliza kama nimekwenda. Nikasema bado. Hakuinua mabega. Alinitazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nimekwenda.

Nilivaa sare, sikutaka iwe mambo ya mama wa fulani. Mwalimu wa michezo aliwakusanya kwenye kona ya goli, wasichana kumi na nane, wengine wamekaa, wengine wanapiga mpira kwa kisigino wasinitazame. Binti yangu hachezi, lakini alikuwepo ng'ambo, karibu na mlango wa vyoo. Kipa alikaa pembeni na raba mpya pana, mikono juu ya magoti.

Nilikuwa nimepanga hotuba tangu Jumatatu. Yote ilinitoka. Nikasema tu yale yaliyotokea. Kwamba niliandika kuwa mwenzenu ni mkaidi, na haikuwa kweli. Alifuata kila nililomwagiza, asubuhi na jioni, hakukosa hata siku. Kidonda hakikupona kwa sababu alikuwa anaumwa kisukari, na dalili zote alikuwa nazo mbele yangu, kiu, chooni, kukonda, nami badala ya kumuuliza nikamgombeza. Tope la miguuni lilikuwa la njia ya chooni. Nikasema kama kuna wa kulaumiwa kwa zile nne, ni mimi niliyepiga muhuri.

Mpira uliokuwa unapigwa ulikuwa umesimama. Mwalimu wa michezo hakucheka. Alivua kofia, akaitazama ndani kama vile jibu limo humo, akasema yeye ndiye aliyeisoma ile barua kwa sauti na hakumuuliza mchezaji wake hata swali moja. Alimgeukia Kipa akamwomba radhi mbele yao, kwa kifupi, akiwa amesimama wima.

Msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Sista, kwa hiyo atacheza?"

Nikasema hilo ataamua daktari wake wa sukari, si mimi. Upande wangu wa dole, msimu ujao sioni kizuizi. Halafu mmoja akasema hata kwa lile jina la Bomba aombwe radhi, wao ndio waliomwita hivyo, na wakatazamana. Kipa akasema basi, yaishe, na asisikie tena hilo jina. Hakutabasamu. Wala mimi sikumtaka atabasamu.

Nilidhani nimemaliza. Niliaga, nikaanza kuelekea getini, nikasikia naitwa. Nilipogeuka, wasichana wanne walikuwa wameketi kwenye majani mabichi, wanavua viatu na soksi. Vidole. Kimoja kimevimba kama njugu, nusu ya ukucha hauonekani, na mwenyewe ameshazoea kuchechemea kiasi kwamba nilikuwa nimemwona akikimbia na sikujua.

Nikapiga magoti pale pale kwenye tope na sare yangu. Nikaushika mguu wake, nikamuuliza linauma tangu lini. Akasema si sana. Nilikuwa na jibu la haraka mdomoni, nikalimeza, nikangoja. Akachora majani kwa kidole. Nikaendelea kungoja.

Nikaona raba pana zimesimama karibu na bega langu. Kipa aliinama, akamwambia mwenzake:

"Mwambie yote. Hata ya chooni."

Yule msichana akacheka, akafuta pua kwa kiganja, akaanza kusema.